Mbio Zisizo na Zawadi: Mwanamke wa Uasin Gishu na Raha ya Kukimbia

Sugoi ni kijiji cha wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika eneo bunge la Turbo, magharibi ya jiji la Eldoret, na ingawa jina lake husikika zaidi katika taarifa za siasa kwa sababu ndiko liliko boma la Rais William Ruto, kijiji hicho kimo pia ndani ya ukanda wa nyanda za juu ambao kwa miaka thelathini iliyopita umetoa wakimbiaji wanawake wa mbio ndefu kwa wingi usio na kifani duniani. Peres Jepchirchir, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki katika mbio zilizoandaliwa mjini Sapporo, Japani, mnamo Agosti 2021, na kuuongezea ubingwa wa dunia mjini Tokyo mnamo Septemba 2025, alikulia katika eneo hilo la Turbo. Linalostaajabisha ni kwamba katika ukanda huohuo mwanamke asiye mwanariadha, mwenye watoto, shamba na pengine kibanda cha mboga sokoni, anayetoka jioni kukimbia kwa kuwa tu anapenda kukimbia, bado huulizwa anakimbia kwenda wapi. Kwa vizazi kadhaa mbio za mwanamke wa sehemu hizi zilikuwa njia ya kufika mahali, baadaye zikawa kazi ya kuleta riziki, na raha, ambayo kwa watu wa kwingineko huwa ndiyo mlango wa kuingilia michezoni, imechelewa kuliko vyote.

Mwanzoni hakukuwa na mchezo wowote. Mtoto wa kike alikimbia kwa sababu shule ilikuwa mbali, kengele ililia mapema, na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa na maji ya kuteka au kibuyu cha maziwa cha kufikisha barabarani. Tegla Loroupe, aliyezaliwa mwaka 1973 katika milima ya Pokot Magharibi, alikimbia takriban kilomita 10 kila asubuhi kwenda shule, na wenziwe wa rika lake katika Nandi, Marakwet na Uasin Gishu waliishi maisha ya namna hiyohiyo. Wataalamu hueleza kwamba hewa ya Turbo na Eldoret, maeneo yaliyo kati ya mita 1,800 na 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa, kwa hiyo mwili uliokulia huko huzalisha chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, yaani zile zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwani wavulana na wasichana walivuta hewa ileile na kupita njia zilezile za udongo mwekundu, na bado wavulana ndio waliotangulia kufika kileleni mwa jukwaa kwa muda wa miaka 40 kamili: Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968, na mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu, Pamela Jelimo, alishinda mita 800 mjini Beijing mwaka 2008.

Sababu za pengo hilo ni za kijamii. Wasichana wachache waliandikishwa shuleni, na shule ndiyo iliyokuwa na uwanja, mwalimu wa michezo na mashindano ya tarafa na wilaya ambako vipaji vilitambuliwa, hivyo msichana aliyeachishwa masomo ili aolewe alipoteza daftari na riadha siku moja. Aliyebahatika kubaki shuleni alicheza kati na kuruka kamba mpaka alipovunja ungo, kisha mwili wake ukaanza kuonekana kuwa jambo la kufichwa. Mwenye hedhi asiye na sodo hakai darasani kwa utulivu, sembuse kupanga mstari wa kuanzia mbio mbele ya wavulana. Sheria ya elimu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwajibike kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo, na ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, ni vigumu kutaja hatua nyingine ya bunge inayogusa michezo ya wasichana kwa karibu kiasi hicho, japokuwa haikutungwa kwa ajili ya michezo.

Hata hivyo walikuwapo waliopenya. Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire walikwenda Mexico mwaka 1968 wakiwa wanawake wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki, na miaka 6 baadaye msichana wa Trans Nzoia aitwaye Sabina Chebichi alipata nishani ya shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, ambayo ilikuwa nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika michezo hiyo. Magazeti yalikuwa yamempachika Chebichi jina la binti mfalme wa petikoti, kwa sababu alipoanza kutamba alikimbia miguu mitupu akiwa amevaa petikoti, ile nguo nyepesi ya ndani inayovaliwa chini ya gauni. Jina hilo lilikusudiwa kuwachekesha wasomaji, lakini vazi lenyewe linaeleza hali ilivyokuwa kuliko taarifa yoyote rasmi, maana msichana hakuwa na bukta wala viatu vya kukimbilia, wala hapakuwa na duka la karibu lililodhani kwamba msichana angevihitaji, basi akachagua nguo moja katika alizokuwa nazo ambayo ingeyaachia magoti nafasi ya kupanda. Kizazi chake kilipokomaa, Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal ya 1976 na ile ya Moscow ya 1980, na wanawake waliokuwa tayari kushindana na walimwengu wakabaki nyumbani.

Itakuwa si haki kuulaumu utamaduni wa Kiafrika peke yake kwa ucheleweshaji huu, kwa sababu waliotunga kanuni za riadha duniani walikuwa na hofu zao wenyewe. Baada ya mita 800 za wanawake kukimbiwa katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, magazeti yalidai kwamba washindani walikuwa wamedhoofika kupita kiasi, na umbali huo ukaondolewa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma ya 1960; madaktari wa zama hizo walionya kwamba mbio ndefu zingeharibu kizazi. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alipokimbia marathoni ya Boston akiwa na namba rasmi kifuani, mmoja wa wasimamizi aliingia barabarani na kujaribu kumtoa kwa nguvu, na marathoni ya wanawake haikuingizwa katika Olimpiki mpaka Los Angeles mwaka 1984. Wazee wa Uasin Gishu waliosema kwamba msichana mkimbiaji hatazaa walikuwa wakirudia, bila kujua, mafundisho ya hospitali za Ulaya.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na fedha. Katika miaka ya 1990 mbio za barabarani za Marekani na Ulaya zilipanua zawadi za wanawake, na wanawake wa Bonde la Ufa wakaonekana kila mahali: Susan Sirma alipata shaba ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya 1991, Loroupe akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York mwaka 1994, Pauline Konga akaleta fedha ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996, ikiwa nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika Olimpiki, na Sally Barsosio akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1997. Loroupe, ambaye viongozi wa riadha walimwona kuwa mdogo mno wa umbo, na ambaye kati ya watu wa nyumbani kwao ni mama yake aliyemtia moyo, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2, dakika 20 na sekunde 47 mjini Rotterdam mwaka 1998. Tangu hapo mbio zilipata maana mpya kwa familia nyingi, kwani binti aliyekuwa akihesabiwa kwa ng'ombe wa mahari alianza kuhesabiwa kwa ekari alizonunua, na baba aliyekataza mazoezi akawa wa kwanza kuulizia tarehe ya mashindano.

Kazi hii ina utaratibu wake, na undani wake unaonyesha vizuri mzigo wa mwanamke. Mkimbiaji wa kulipwa huamka kabla ya mapambazuko na kuanza mazoezi ya kwanza mnamo saa 12 asubuhi, mara nyingi kwa kundi linaloanza taratibu kana kwamba halina haraka na kumaliza kwa kasi inayowatenganisha. Hurudi kunywa chai, hutoka tena katikati ya asubuhi au jioni, na kati ya vipindi hivyo hulala. Usingizi huo wa mchana si uvivu, kwa kuwa mazoezi huchana nyuzi ndogo za misuli na ni wakati wa kupumzika ndipo mwili huziunga na kuziimarisha, hivyo asiyepumzika hulimbikiza uchovu hata akifuata kwa makini kila agizo la kocha. Mwanamume akirudi nyumbani hukuta chai imeshachemshwa na kitanda kinamngoja, ilhali mwanamke aliyekimbia kilomita zilezile hukuta nguo za kufua, moto wa kuwasha na mtoto aliyeamka. Kwa hiyo Lornah Kiplagat alipoanzisha kambi yake ya mazoezi mjini Iten mwaka 1999, akiwalenga hasa wasichana, jambo kubwa aliloanza kuwapa lilikuwa kuwaondolea kazi za nyumbani, ili wapate kulala mchana kama wanaume. Vitanda vile, kwa maoni ya mwandishi, vimechangia nishani nyingi kuliko viatu vyovyote vya kisasa.

Uzazi nao, ambao zamani ulihesabiwa kuwa mwisho wa mkimbiaji, umegeuka kuwa kipindi cha mapumziko tu. Jepchirchir alijifungua binti mwaka 2017 na dhahabu yake ya Olimpiki ikaja baadaye. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akashinda mita 1,500 za Olimpiki mara mbili zaidi na kuishusha rekodi ya dunia hadi dakika 3 na sekunde 48.68 mnamo Julai 2025. Na Brigid Kosgei, mama wa pacha, alivunja rekodi ya marathoni mjini Chicago mwaka 2019 kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Kurudi huko kunategemea pia nani analipa mshahara, kwa sababu mikataba ya kampuni za viatu iliruhusu malipo kupunguzwa mwanariadha asiposhindana, hata kama sababu ni mimba, mpaka wanariadha wa Marekani Alysia Montaño na Allyson Felix waliposema hadharani mwaka 2019 na kampuni ya Nike ikalazimika kubadilisha masharti yake. Wakenya walioajiriwa katika polisi, magereza na jeshi walikuwa na kinga ya aina nyingine, kwani mwajiriwa wa kike nchini ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, na pengine hilo laeleza kwa nini msichana anayeanza kushinda mbio za kaunti huota sare ya polisi kabla ya kuota New York.

Mafanikio haya yameandamana na damu, na makala inayozungumzia furaha ya wanawake katika mbio haiwezi kulikwepa suala hilo. Agnes Tirop, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani mnamo Septemba 2021, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, na mwenzi wake alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mnamo Agosti 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess, Trans Nzoia, wiki chache baada ya mashindano hayo, na akafariki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret tarehe 5 Septemba. Wenzake Tirop walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake walio katika hatari, na wanaharakati wa jambo hili husisitiza kwamba mara nyingi kiini cha ugomvi ni mali: zawadi huingia kwa jina la mwanamke, ploti hununuliwa kwa jina la mwanamume aliyejitwalia ukocha, uwakala na ubwana wa nyumba kwa pamoja, na siku mwanamke anapodai hesabu ndipo hatari huanza. Mwanamke anayekimbia ili kumlisha anayemtisha hana nafasi ya kuzionja raha za mbio, hata akiwa bingwa wa dunia.

Raha hizo ni nini basi, kwa lugha ya mwili? Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wepesi wa moyo anaousikia mtu baada ya kukimbia nusu saa hivi unatokana na endofini, kemikali za kupunguza maumivu ambazo mwili hujitengenezea. Lakini molekuli za endofini zilizomo katika damu ni kubwa na hazipenyi kwa urahisi kizuizi kinachoitenga damu na ubongo, ndiyo maana watafiti wa siku hizi huziangalia zaidi endokanabinoidi, kemikali nyingine za mwili zenye asili ya mafuta, ambazo hupenya na kutuliza wasiwasi. Kemikali hizi huongezeka zaidi kwa kasi ya wastani, ile ambayo mkimbiaji bado anaweza kuzungumza sentensi fupi na mwenzake bila kuhema, kuliko kwa mwendo wa kujikokota. Maana yake ni kwamba raha ya kukimbia haiwangoji mabingwa, na huenda mwanamke wa makamo anayekwenda kwa kasi hiyo akizungumza na jirani yake akaipata kwa wingi kuliko binti anayekimbizana na saa ya kocha.

Kinachomzuia mwanamke huyo ni muda, macho ya watu, na usalama. Muda, kwa kuwa jioni ndiyo saa ya kukamua, kupika na kusimamia kazi za shule za watoto. Macho ya watu yana ugumu wa pekee katika Uasin Gishu, maana mahali ambapo jirani ni bingwa wa dunia kukimbia huchukuliwa kuwa ufundi wa wenye kuuweza, na anayekimbia polepole akiwa amefunga leso juu ya suruali ya mazoezi huonekana kama mtu aliyeingia shambani kwa wenyewe. Hufuatwa na watoto wakimshangilia, waendesha bodaboda humwuliza ataenda lini ng'ambo, na yeye mwenyewe huanza kutembea kila akiona mtu. Katika miji ambako hakuna bingwa hata mmoja mzigo huu haupo. Usalama nao humlazimisha kutokimbia gizani wala kupita peke yake kando ya mashamba ya mahindi yaliyorefuka, na kwa kuwa mwangaza wa jua karibu na ikweta hauzidi sana saa 12 kwa siku, na mwingi wake huliwa na kazi, hubakiwa na saa moja tu inayofaa.

Dawa iliyoonekana kufanya kazi ni wingi wa watu. Margaret Kenyatta, akiwa mke wa rais wa wakati huo, alianzisha mbio za Beyond Zero mjini Nairobi mwaka 2014 kuchangia kliniki za kuhamahama za mama na mtoto, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 49, alikamilisha marathoni ya London bila kujali kwamba wa kwanza walikuwa wamemaliza saa kadhaa kabla yake. Picha za mwanamke wa hadhi yake akitoka jasho hadharani ziliwapa ruhusa wanawake wengi ambao hawakuwa wameiomba. Eldoret nayo ilipata marathoni yake kuanzia mwaka 2018, na siku ya mashindano kama hayo mwanamke anayekimbia haulizwi anakwenda wapi, kwa sababu mji mzima unakimbia.

Mwanamke anayetaka kuanza bila kungoja siku hiyo hahitaji mengi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi ya nguvu, na kiwango hicho cha 150 hupendekezwa pia kwa mjamzito ambaye daktari hajamkataza. Dakika 30 za kuchanganya, yaani kukimbia kidogo na kutembea kidogo mpaka vipande vya kutembea vipungue vyenyewe, hutosha kwa miezi ya kwanza. Sidiria inayobana matiti vizuri ni muhimu kuliko viatu vya bei, hasa kwa anayenyonyesha, na njia ya udongo ni rafiki wa magoti kuliko lami ya barabara kuu. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi, hivyo mboga za kienyeji, maharagwe na nyama inapopatikana visikose, na chai isinywewe pamoja na chakula kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Akiona hedhi imekoma bila mimba, asidhani ni dalili ya kuiva kimazoezi kama wasichana wengine wa kambini walivyodanganywa. Hiyo huwa ishara kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia, hali ambayo hatimaye hudhoofisha mifupa.

Umri si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Edna Kiplagat, askari polisi na mama, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, alirudi Boston mnamo Aprili 2024 akiwa na miaka 44, umri ambao baadhi ya wanawake wa rika lake vijijini wameshaanza kuitwa kogo, yaani nyanya, na akamaliza wa tatu, chini ya dakika moja nyuma ya mshindi Hellen Obiri, ambaye ni mdogo wake kwa miaka 10.